Nani Kaogopa Umatengo? Historia ya hadithi za kutisha kati ya Mbinga na Ziwa Nyasa

Mwaka 1908 jarida la Anthropos, lililoanzishwa Ulaya miaka miwili kabla na padri Wilhelm Schmidt, lilichapisha kurasa chache za ngano kutoka mahali ambapo wasomaji wake wengi wasingeweza kupaonyesha kwenye ramani. Mkusanyaji alikuwa Johannes Häfliger, mmisionari Mbenediktini wa Kigonsera, na ngano zenyewe zilikuwa za Wamatengo, watu wa milima iliyo kati ya Songea na Ziwa Nyasa. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa mwaka uliotangulia. Wataalamu walizipokea ngano hizo kama mali ya elimu: hapa pana sarufi, pale pana chembe ya dini ya kale. Ni vigumu kudhani kwamba yupo profesa aliyezisoma kisha akaogopa kutoka nje usiku.

Tangu hapo, hadithi za kutisha za pembe hii ya Ruvuma na jirani zake zimepita mikono mingi: mapadri, maofisa wa serikali, waandishi wa riwaya, watengenezaji wa filamu, na profesa mmoja mzaliwa wa Litembo, huko Umatengo. Kila zilipotua ziligawanya watu. Mmoja hucheka, mwenzake hukunja uso, na wa tatu hunyamaza akijiuliza ni nani hasa anayesemwa. Mtu akiifuatilia historia yenyewe ataona kuwa ladha ilichangia kidogo tu katika ubishi huo. Kilichochangia zaidi ni umbali. Zimwi la msitu usio na jina lilimfurahisha kila mtu, lakini lilipopewa kijiji, ukoo na nyumba, kicheko kilikatika.

Umatengo ni nchi ya miteremko, na kilimo chake cha ngoro kimewavuta watafiti kutoka Morogoro hadi Japani. Masika yakielekea ukingoni, kuanzia mwezi wa tatu, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima ugawanyike miraba. Wanawake hufuata na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuutupia juu ya zile nyasi, hivyo pembeni panainuka matuta na katikati panabaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mvua kubwa ikipiga, maji hunaswa mashimoni badala ya kuporomoka na udongo hadi bondeni. Mahindi huja msimu unaofuata, katika matuta yale yale. Shamba la namna hiyo linahitaji mlinzi, kwa sababu nyani na nguruwe pori hawana simile, na kazi ya kulinda mara nyingi huwaangukia watoto. Mtoto aliyeachwa peke yake mteremkoni, ukungu ukishuka, ndiye msikilizaji hasa aliyekusudiwa na hadithi ya dubwana.

Jioni nayo ilikuwa na mahali pake. Wamatengo walikuwa na desturi ya sengu: wanaume wa ukoo, wazee kwa vijana, walikusanyika kwa mkubwa wao, wakala pamoja chakula kilichotoka nyumba mbalimbali, wakajadili mashauri na kuwafunza vijana. Egno Ndunguru, aliyeandika *Historia, Mila na Desturi za Wamatengo* iliyotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1972, aliyaandika maisha hayo akiwa mwenyeji, kwa Kiswahili ambacho wenyeji wenzake waliweza kukisoma. Wakati wanaume wako sengu, watoto wadogo walikuwa na bibi zao jikoni, na huko ndiko zimwi lilikoishi kwa raha zake. Sengu palikuwa mahali pa kesi. Mwenye jambo zito hakuleta zimwi mbele ya wazee. Alileta jina la mtu.

Tofauti hiyo ya mahali ililindwa kwa kanuni. Pwani husema paukwa, pakawa. Bara huita hadithi, hadithi, na wasikilizaji huitikia hadithi njoo. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki watoto walikatazwa kusimulia mchana, wakatishiwa mikosi ya kila aina. Kanuni ya kufungulia hadithi ilikuwa na faida moja kubwa: ilimwambia msikilizaji kwamba kuanzia sasa hadi mwisho hakuna jirani atakayetuhumiwa.

Hilo linaonekana hata katika mkusanyo wa kwanza mashuhuri wa hadithi za Kiswahili. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Miongoni mwake mna kisa cha Sultani Majinuni, na ndani yake paka wa sultani anayeanza kwa kula mifugo, akapanda hadi watu, na kila mara sultani anakataa kumgusa kwa kuwa ni paka wake. Anabadili kauli siku mnyama anapowala wanawe mwenyewe. Sasa paka ameshakuwa nunda, mla watu, na kijana mdogo kuliko wote ndiye anayeingia porini kumtafuta. Kisa hicho kinatisha na kinamsema mtawala vibaya sana, lakini sultani wake si wa mji wowote. Mkusanyaji alisoma kama mwanalugha, mtoto wa Unguja alisikiliza huku amejikunyata, na sultani wa kweli hakuwa na sababu ya kukasirika.

Steere mwenyewe, akiwa askofu, alisafiri mwaka 1875 kuelekea nchi za Nyasa. Miaka kumi baadaye misheni yake ilikuwa imeweka makao kisiwani Likoma, na kutoka hapo meli yake ndogo, Charles Janson, ikawa inazunguka vijiji vya mwambao vikiwemo vya upande ambao leo ni Tanzania.

Ukiteremka kutoka Mbinga hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, katika eneo lililomegwa kuwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012, hofu inabadilika sura. Milimani mtu huogopa kinachojificha. Ziwani huogopa kinachoonekana wazi. Msimu ukifika, wingu jeusi huinuka juu ya maji, jembamba na refu, likijipinda na upepo, na mgeni huapa kwamba kuna chombo kinachoungua. David Livingstone alipopita mwaka 1861 alidhani ni moshi. Wingu hilo ni nzi wadogo wa ziwa wasiohesabika. Upepo ukilisukuma nchi kavu, watu wa mwambao hutoka na vikapu, huwakusanya, huwaponda na kuwapika kuwa andazi jeusi linaloitwa kungu. Kwa hiyo kitu kile kile kimeingia katika masimulizi ya wasafiri kama ajabu ya kuogofya na katika masimulizi ya wenyeji kama kitoweo.

Dhoruba haina utani wa namna hiyo. Chauncy Maples, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya Likoma, aliwekwa wakfu kuwa askofu London mwaka 1895 na kurejea ziwani akiwa na haraka ya kufika kwa watu wake. Usiku wa Septemba 2 mashua yake ilipinduka katika tufani na akazama. Tarehe 30 Julai 1946 meli mpya, Vipya, ilipinduka upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa katika upepo mkali, wakafa watu 145. Familia za pande zote za maji zilipoteza jamaa. Baada ya msiba kama huo, hadithi ya joka la ziwani linalovuta vyombo haiwezi kusimuliwa tena kama zamani. Ukiisimulia mbele ya mjane wa baharia, hujui kama atakusikiliza kama msimulizi au kama shahidi.

Kisha palikuwa na vita. Katika karne ya 19 wapiganaji wa Kingoni, ambao Waingereza wa zamani waliwaita Magwangwara, waliteremka kutoka nyanda za Songea kuteka watu, ng'ombe na chakula. Mwaka 1882 walifika hadi misheni ya Masasi. Wamatengo walijibana milimani, na wasafiri wa miaka ya 1870 waliona kwenye mwambao wa mashariki vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji, watu wakilala juu ya ziwa ili wasikatwe kitandani. Liuli kuna jiwe la Pomonda, ambalo wenyeji hulikumbuka kama maficho ya enzi hizo. Wajerumani walipolitazama jiwe la bandarini walimwona sanamu wa Misri mwenye mwili wa simba, wakapaita Sphinxhafen. Kwa mmoja jiwe lilikuwa pambo la ramani, kwa mwingine lilikuwa mahali ambapo bibi yake alizuia pumzi. William Percival Johnson, mmisionari aliyeishi kando ya ziwa zaidi ya miaka arobaini na kufia Liuli mwaka 1928, alikuta watu waliokuwa bado na kumbukumbu mbichi za uvamizi huo. Katika hali hiyo zimwi la jikoni lilikuwa na mpinzani mzito: lilipaswa kuwatisha watoto ambao babu zao walikimbia watu wa kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuja hadithi ya aina nyingine, iliyouzwa ndani ya chupa. Ilitoka Nyasaland, ikasambaa hadi Rhodesia ya Kaskazini na kuvuka mpaka kuingia Tanganyika. Vijana waliovaa nguo za kizungu walifika vijijini, wakawapanga watu mstari, wakawapitisha mmoja mmoja huku wao wamewapa mgongo na kuwatazama katika kioo kidogo. Aliyeonekana kiooni kuwa mchawi alitakiwa kusalimisha pembe na hirizi zake, kisha akanywa dawa nyekundu iliyoitwa mchape. Atakayerudia uchawi baada ya kunywa, walisema, atavimba na kufa. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyewashuhudia miongoni mwa Wabemba na kuandika juu yao mwaka 1935, alirekodi pia sehemu ya pili ya simulizi: mwanzilishi wa dawa, Kamwende wa Mlanje, angekuja baadaye mwenyewe, angepiga ngoma usiku nje ya kijiji, na wote waliokuwa wameficha vifaa vyao wangejikuta wakiifuata hadi makaburini.

Kama kisa, hilo limepangwa kwa ustadi. Lina ahadi, lina muda wa kungoja, lina sauti gizani. Waliolipokea waligawanyika vilevile kama wasomaji wa kitabu. Wapo waliokunywa kwa furaha, wakiamini kijiji kimesafishwa. Serikali na misheni ziliona utapeli. Waliokuwa katika hatari ni wale ambao kioo kiliwataja, kwa maana katika hadithi hii mlango haukuwahi kufungwa: hakukuwa na hadithi njoo, na mhusika mwovu alikuwa na mlango unaoweza kubishwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilishaliona tatizo hilo. Iliadhibu anayejidai mchawi, na iliadhibu pia anayemwita mwenzake mchawi. Masharti hayo yamo katika sheria za Tanzania mpaka leo, na kwa mwandishi wa hadithi za kutisha yanachora mpaka wa kisheria pale pale desturi ilipouchora.

Ng'ambo ya pili ya ziwa, mwishoni mwa miaka ya 1950, mganga Chikanga wa Rumphi alipata sifa iliyovuka mipaka. Mtafiti Alison Redmayne alieleza jinsi Wahehe wa Iringa walivyofunga safari ndefu kwenda kwake kujua nani kawaroga au kujisafisha jina. Walirudi na masimulizi, na kila safari ikazaa hadithi ambayo mwenye imani aliisikia kama hukumu na asiye na imani aliisikia kama kioja cha msafiri.

Hakuna mahali ubishi huo ulipojitokeza waziwazi kama katika kisa cha simba wa Njombe, kaskazini mwa milima ya Umatengo. Kuanzia 1932 hivi hadi 1947 simba waliwala watu wa wilaya hiyo mwaka baada ya mwaka. Bwana Nyama George Rushby, aliyetumwa kuwawinda, alikadiria kwamba waliouawa katika miaka 15 walikaribia 1,500. Simba hao walikuwa na mwendo usio wa kawaida: walivamia kijiji mchana, kisha walisafiri usiku kwenda kijiji cha mbali. Rushby alieleza mambo kwa bunduki na hesabu. Wanyamapori walikuwa wameuawa kwa wingi ili kuzuia sotoka, simba wakakosa windo, wakazoea watu, na watoto wao wakakua wakijua chakula hicho tu. Wanavijiji walikuwa na kisa kingine. Kulikuwa na mtu aitwaye Matamula Mangera aliyeondolewa katika cheo chake cha ujumbe, na simba walikuwa wake, akiwatuma kulipiza. Watu waliogopa hata kutoa taarifa. Mangera alirudishiwa cheo, Rushby na askari wake wakaua simba mmoja baada ya mwingine, na mauaji yakakoma. Kila upande ukapata ushahidi wake.

Rushby aliandika mambo hayo yote katika kitabu chake cha mwaka 1965, na msomaji wa London aliweza kukisoma kama hadithi ya kusisimua ya porini. Msomaji wa Njombe aliyepoteza mama hakuwa na anasa hiyo. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Mia Couto wa Msumbiji alikabiliana na jambo lile lile mwaka 2012 alipotunga riwaya kutokana na mauaji ya simba huko Cabo Delgado. Aliviacha visa viwili, cha mwindaji na cha mwanamke wa kijijini, visimame ubavu kwa ubavu bila kimoja kukifuta kingine.

Kiswahili cha vitabu kilifika Ruvuma kupitia shule za misheni. Mwaka 1929 ilitoka tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard, *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, iliyosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Tanganyika. Ndani yake kikongwe Gagool anapita mbele ya safu za askari akiwanusa wachawi, na anayeguswa anauawa papo hapo. Haggard alikuwa ameokota picha hizo kwa Wazulu. Mwanafunzi wa Songea aliyeshika kitabu hicho huenda alikuwa mjukuu wa watu waliotoka huko huko: Zwangendaba aliwavusha Wangoni Mto Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, na baada ya kifo chake makundi ya wafuasi wake yakafika Ungoni. Kwa kijana wa Uingereza, Gagool ni kichekesho cha kutisha. Kwa kijana wa Songea ni shangazi aliyechorwa vibaya.

Riwaya ya mapema ya Kiswahili iliyouleta mzimu hadharani ni ya Mzanzibari Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*. Ilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957–58 na kuchapwa mwaka 1960. Inafunguka na maiti isiyo na kichwa kwenye mzimu unaoogopwa, kisha mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko na kuanza kuuliza maswali. Mzimu unageuka kuwa pazia la muuaji wa nyama na damu. Msomaji anapewa hofu kwanza na maelezo baadaye, na wengi waliipenda kwa hilo. Lakini kwa msomaji wa Songea maiti isiyo na kichwa ina kisa chake. Mwaka 1906 Wajerumani walimnyonga Songea Mbano na viongozi wenzake wa Majimaji, na tangu hapo ukoo wake umesema kwamba kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani. Kwa miongo mingi watu wa nje walilisikia hilo kama uvumi wa kutisha. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wazao wake, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kukitafuta.

C. G. Mung'ong'o alifuata njia tofauti na Abdulla katika *Mirathi ya Hatari*, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Gusto, kijana msomi, anarithishwa uchawi na baba yake, na hakuna Bwana Msa wa kuja kufafanua. Mahali penyewe ni nyanda za juu za kusini, baridi yake, mahindi yake, majina yake. Hapo ndipo wasomaji walipogawanyika. Waliotaka fasihi ya ujamaa ijenge taifa waliuliza kitabu kinamjenga nani, kwani miaka ile wahakiki walikuwa tayari wanawatilia shaka waandishi wa mapenzi, upelelezi na damu. Mtafiti Mpolandi Rajmund Ohly aliiandikia nathari ya ukatili ya miaka ya 1970 kitabu kizima mwaka 1981. Upande wa pili walikuwepo waliokiona kitabu kuwa jasiri, kwa kuwa kilimfanya mrithi wa uchawi kuwa mtu wa kuhurumiwa. Wote walikuwa wakijibu kitu kimoja: mwandishi ameondoa kanuni ya kufungulia hadithi na kumwacha mchawi akae nyumba ya pili.

Ubishi wa umbali haukuanzia kwetu. Mwishoni mwa 1839 mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe alikuwa ametoa huko Philadelphia mkusanyo wa hadithi 25 katika juzuu mbili, nakala 750, akalipwa vitabu vichache tu vya kuwagawia marafiki. Wahakiki walitofautiana, na lawama iliyomuudhi zaidi ni kwamba vitisho vyake ameviazima kwa Wajerumani. Katika dibaji alijitetea kuwa hofu anayoiandika chimbuko lake ni roho ya binadamu. Poe alilaumiwa kwa kuleta hofu kutoka mbali mno. Waandishi wa kusini mwa Tanzania walikabili lawama ya upande wa pili, hofu ya karibu mno. Mwandishi mwingine wa Kiswahili, Euphrase Kezilahabi, alipojaribu kuipeleka hofu nje kabisa ya kijiji, katika *Nagona* na *Mzingile* zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, zenye magofu na dunia iliyokwisha, hakuna aliyemshutumu kwa kumsema jirani. Wasomaji wengi walilalamika kwamba hawaelewi.

Filamu iliurudisha ubishi kijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa *Nsyuka*, akichota katika simulizi za Wanyakyusa wa ncha ya kaskazini ya ziwa kuhusu wafu wanaorejea, kisha akatoa *Shumileta* akifuata nyayo za filamu za kutisha za Nigeria. Wakati huo vibanda vya video vilikuwa vimejaa nchini, na wasimuliaji kama Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, walikuwa wameshawazoesha watazamaji filamu ya kigeni inayosemwa kwa Kiswahili, pamoja na maneno ambayo mtunzi hakuyaandika. Mtazamaji wa kibandani ana uhuru wa msikilizaji wa jikoni. Anapiga kelele, anamwonya mhusika, anacheka damu ya rangi. Hata hivyo zimwi la Dar es Salaam na zimwi la Kyela, Unyakyusani, hayapokelewi sawa na mtu aliyetoka Kyela.

Mara nyingine matukio yaliipita sanaa. Mwaka 1959 uvumi wa mumiani, mnyonya damu wa mijini, uliishia Buguruni kwa ghasia na mauaji. Mwaka 1995 popobawa, dubwana la usiku, alikesha na watu wa Pemba na Unguja. Kuanzia 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yalianza kuripotiwa kwa wingi, na tangu hapo hadithi ya mganga anayetaka kiungo cha mtu haiwezi kuandikwa kwa mkono mwepesi. Mtunzi anayeitumia leo anajua kwamba mmoja wa wasomaji wake anaweza kuwa mzazi anayemsindikiza mwanawe shuleni kila asubuhi kwa sababu hiyo.

Aliyezirudisha ngano za Wamatengo kwenye kitabu ni Joseph Mbele, mzaliwa wa Litembo, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuhamia chuo cha St. Olaf, Minnesota. Kitabu chake, *Matengo Folktales*, kilitoka Marekani mwaka 1999. Baada ya ngano huja maelezo yake, na ndani ya maelezo hayo anabishana na dhana kwamba hizi ni hadithi za kulazia watoto: anaona ndani yake fikra nzito kuhusu ujanja, tamaa, wivu na deni la mtu kwa jamii yake. Kimesomwa na wanafunzi wa Kimarekani ambao hawajawahi kuona ngoro. Wao hukutana na dubwana kama Häfliger alivyotaka profesa wa Ulaya akutane nalo, wakiwa salama kabisa, na huuliza linawakilisha nini.

Swali hilo ni halali, lakini si la kwanza ambalo mtu wa Mbinga angeuliza. Häfliger aliwaandikia wasomaji wa Kijerumani na Mbele aliwaandikia wasomaji wa Kiingereza. Nathari ya kutisha ya Kiswahili ilitoka Unguja, Njombe na Dar es Salaam. Mwandishi wa Umatengo au wa mwambao wa Nyasa atakayetoa mkusanyo wake wa hadithi fupi za kutisha kwa Kiswahili atakuta hadhira iliyokwisha zoea mabishano haya kwa zaidi ya karne. Watampima lugha na mpangilio, kisha watafungua ramani na kupima kutoka nyumba ya zimwi lake hadi Litembo ni mwendo wa saa ngapi.